Unga Uliomwagwa Bila Jina

Unga haukubomoka, wala haukusimama. Hilo ndilo lililomchanganya Aurelia asubuhi ile alipofungua mlango wa nyuma wa nyumba yake pale Nambambo. Wenyeji walikuwa wamemweleza mambo mawili tu: jioni unaumwaga unga wa mtama polepole mpaka uchongoke, asubuhi ukiukuta umesimama, marehemu wako amepokea, ukiukuta umebomoka, amekataa. La tatu hakuna aliyelitaja. Yeye aliukuta umelambwa. Udongo ulikuwa mtupu, umelowa, unang'aa, na sisimizi waliokuwa wakipita walifika karibu na pale wakapazunguka kwa mbali.

Usimcheke. Mke wa katekista kumwaga unga wa mizimu ni aibu, na aibu hiyo aliijua kuliko wewe na mimi. Mumewe, Felisian, alikuja naye kutoka upande wa Masasi kufundisha dini, Wamakua wawili katikati ya Wamwera, tena Waislamu karibu wote. Kila Jumapili alikuwa akiwakataza Wakristo wake wachache wasiende kwenye mti wa mizimu kuita majina ya wafu. Mwezi wa Juni homa ikamshika Felisian, siku ya nne akafariki. Mtoto hawakujaliwa. Kaka yake Aurelia alipelekewa habari aje amchukue dada yake, akajibu kwamba atakuja baada ya mavuno, na mavuno yakapita. Huo ulikuwa mwaka wa 1950, wakati wa zile mashine za Waingereza zilizofyeka msitu kupata shamba la karanga. Vijana walikuwa kambini Nachingwea, wazee mashambani, naye akabaki kutwa nzima na nyumba, akisikiliza mnyororo ukikokotwa na matrekta kwa mbali na miti ikilala chini. Hata ule mti wa mizimu ulikwisha kulazwa. Upweke ulimla yule mama, jamani, mpaka akawa anasema na chungu cha mboga.

Ndipo alipoukumbuka unga. Lakini mti haupo, na jina la mumewe aliogopa kulitamka, maana Felisian mwenyewe ndiye aliyekataza. Basi akaumwaga palepale kizingitini kwake, akanyamaza kimya. Alidhani akinyamaza dhambi itapungua.

Siku ya pili yake, saa saba mchana, saa ambayo hata kuku hulala chini ya ghala, alisikia harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Akainua macho. Mlangoni alisimama mwanakondoo mweupe. Kondoo huku kwetu ni wachache, kila mmoja anajulikana ni wa nani, na huyu hakuwa wa mtu. Alikuwa mchanga hata kitovu chake hakijakauka, ila kichwani alikuwa na pembe mbili, ngumu, zimekomaa.

"Umekula?" akauliza yule mwanakondoo.

Sauti ilikuwa nzito, ya chini, ikitoka mahali pakubwa kuliko kile kifua kidogo. Mtu mwingine angeruka dirishani. Aurelia alishika ukuta, ni kweli. Lakini tangu Juni hakuna kiumbe aliyemuuliza kama amekula.

"Bado," akajibu.

Tena asije mtu akasema hakujua. Alijua. Felisian alikuwa na picha kubwa ya kitambaa aliyopewa na misheni, ya mambo ya siku za mwisho, na alipoitundika watoto walikimbilia kuhesabu vichwa saba vya joka jekundu na kushangaa yule mnyama atokaye baharini. Felisian alikuwa akiwapiga fimbo ndogo za mikononi, kisha akawaonyesha mnyama mdogo pembeni, chini kabisa. "Hao wakubwa mtawakimbia bila kuambiwa," alikuwa akisema. "Mwogopeni huyu. Ana pembe kama za mwanakondoo, na anasema kama joka." Jioni ile Aurelia aliikunjua picha, akaitazama pale pembeni muda mrefu, akaikunja. Kesho yake saa saba akauacha mlango wazi.

Akawa anakuja kila siku. Aliuliza vitu vidogo tu: umelala vizuri, mgongo bado unauma, siku mnahamia huku mlivukaje mto. Na Aurelia akasimulia. Alisimulia jinsi Felisian alivyombeba mgongoni mto ulipojaa, jinsi alivyokohoa mara mbili kabla ya kuanza somo, jinsi alivyomwita "mama wa nyumba" kwa utani kwa kuwa nyumba haikuwa na watoto. Kila alipokuwa akisimulia, ile sauti nzito ilipungua kidogo, ikapanda kidogo, na baada ya wiki mbili yule mwanakondoo alikohoa mara mbili kizingitini akasema, "Hujambo, mama wa nyumba," na ilikuwa sauti ya Felisian mtupu. Aurelia alilia siku hiyo kwa furaha. Akachota unga, akamnyooshea mkono wa kulia, naye mwanakondoo akalamba.

Bibi Mwanaima ndiye aliyegundua. Alikuwa mwanamke mzee wa Kimwera, jirani yake, aliyerudi kutoka shambani na korosho za kubanguliwa. Alipozimimina katika kiganja cha Aurelia, akakishika, akakigeuzia juani. Mistari yote ilikuwa imefutika. Kiganja kilikuwa laini na cheupe kama tumbo la samaki.

"Mjukuu wangu," akasema kwa sauti ya chini, akitazama nyuma yake, "unga ulimwaga wapi?"

"Hapa mlangoni, bibi."

"Ukamwita nani?"

"Sikumwita mtu."

Mwanaima akakaa chini. Alikaa kama mtu aliyepewa habari ya msiba. "Unga tunaupeleka mtini ili yule anayekula ale hukohuko. Na jina tunalitaja ili aje mwenyewe, asije mwingine. Wewe umemwaga mlangoni, bila jina. Umemkaribisha yeyote. Na siku hizi wamefukuzwa wengi, miti yao yote imelazwa." Akanong'ona zaidi. "Huyo hana jina, ndilo analolitafuta. Usimpe. Funga mlango, usiseme naye. Mwezi ukiandama hajapewa, ataondoka mwenyewe."

"Na nikimpa?"

"Atakuwa yeye. Na mumeo huko aliko atabaki bila jina. Siku akiitwa, ataitikia nani?"

Zilibaki siku sita mwezi uandame. Aurelia alifunga mlango akauegemezea kinu. Siku ya kwanza yule aliyekuwa nje aligonga kwa kwato, taratibu, kwa adabu. Siku ya tatu alisimulia mto, na maji, na mgongo uliombeba, na Aurelia akaziba masikio kwa nguo, huku moyoni akijua kwamba hakuna neno hata moja ambalo yeye mwenyewe hakumpa. Siku ya sita, jua likiwaka na kijiji chote kikiwa mashambani, harufu ya majivu ikapenya chini ya mlango ikajaa nyumba nzima, ikaingia kwenye maji ya mtungi, kwenye nguo, kwenye ulimi wake, naye akapiga magoti nyuma ya kinu akisali sala zote alizofundishwa tangu utotoni, akizirudia akizichanganya, akihesabu kwa vidole saa zilizobaki mpaka jua lizame na mwezi uonekane, saa tano, kisha nne, kisha tatu, akisubiri yule wa nje aanze kupiga kelele, atishe, avunje mlango, maana hayo yote alikwisha kujiandaa nayo.

Hakupiga kelele. Alikohoa mara mbili.

"Haya, nimeelewa," akasema. "Nakwenda zangu. Ubaki salama, mama wa nyumba."

Kwato zikageuka. Aurelia akazisikia zikivuka uwanja, zikipita ghala, zikishika njia ya shambani, zikififia. Kisha hakukuwa na kitu. Mashine siku hiyo zilikuwa zimenyamaza. Hapakuwa na sauti ya mtu, wala ya ndege, na mbele yake akaiona jioni ya leo, na kesho, na mwaka ujao, yeye na kile chungu.

Akakisukuma kinu. Akafungua mlango, akatoka mpaka katikati ya uwanja.

"Felisian," akaita. "Felisian, rudi."

Hakuona kitu kikirudi. Lakini usiku kamba za kitanda zilinyooka kwa uzito upande wa ukutani, na asubuhi aliulizwa kama amelala vizuri.

Tarehe mbili Novemba ilikuwa siku ya kuwakumbuka marehemu. Padre alikuwa mbali, hivyo katekista mpya, Benedikto, ndiye aliyewaongoza watu kanisani, wanaume upande wao na wanawake upande wao, madirisha yakiwa wazi kuelekea makaburini. Akasoma majina ya marehemu wa mwaka ule, mmoja mmoja, na baada ya kila jina watu waliomba.

"Felisian," akasoma Benedikto.

"Nipo," ikaitika sauti ya mwanamume kutoka upande wa wanawake.

Vichwa vyote viligeuka. Aurelia alikuwa amekaa mwisho wa benchi, peke yake kwa macho ya watu. Benedikto alisimama na karatasi mkononi, hakujua aendelee au asiendelee. Na katika kimya kile, kutoka nje, kwenye makaburi, ikaja sauti nyingine, kavu, ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Aurelia," ikauliza, "ni nani huyo aliyeitikia jina langu?"

Watoto walianza kulia. Benedikto alipiga ishara ya msalaba. Machozi yalikuwa yakimtoka Aurelia, aliyaacha yatoke, akatazama mbele. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi, aliye pembeni yake apate kukaa vizuri.