Mwenzake Hayupo

Sindano-ruka zilianza kazi alfajiri, na ilipofika saa mbili asubuhi soko zima la Ngamiani lilikuwa limeinua vichwa. Zilikuwa sindano kweli, ndefu kama kidole cha kati, kila moja na mabawa manne membamba. Moja ilishika ncha ya kitambaa, nyingine ikapita na uzi, ya tatu ikakaza fundo, na kitambaa kikawa sehemu ya paa. Chini yake biashara ilikuwa imelala. Mteja aliyetaka kujua bei ya nyanya ilibidi aulize mara mbili, kwa maana muuzaji alikuwa anatazama juu.

Mhandisi Siwema Mhando alisimama katikati ya soko, mikono kiunoni, akizisimamia sindano zake kama mwenye shughuli anavyowasimamia wapishi. Paa lile aliliwaza yeye, akalichora yeye, na leo alasiri Jiji la Tanga lingelizindua mbele ya wageni kutoka Mwanza na Mombasa, ambao kama wangelipenda wangeagiza ya kwao. Ndani ya paa ulipita uzi-jua, uzi mwembamba unaokunywa mwanga wa jua, ukaugeuza ubaridi mchana na taa usiku. Uzi wenyewe ulikuwa mmoja tu, haukukatika popote, ukitoka kipande hadi kipande kama shanga zilizotungwa.

Lakini kilichowafanya watu waliite paa lile sanaa ni vitambaa vyenyewe. Hakikuwamo hata kimoja kilichonunuliwa. Yalikuwamo mashuka yaliyochakaa, vitambaa vya miamvuli iliyovunjika, mifuko ya unga, na kanga, kanga nyingi sana. Pembezoni vilining'inia vifuniko vilivyofiwa na sufuria zao, vikilia kila upepo ulipovuma. Ukilitazama kutoka kwenye chombo cha anga uliona mkonge mmoja mkubwa, majani yake yakichomoza katikati ya mji, kila jani na rangi yake.

Mabaki hayo yalikusanywa na vichambuzi. Kila nyumba ya Tanga ilikuwa na kichambuzi chake karibu na mlango wa jikoni: sanduku dogo lenye jicho moja na mkono mmoja. Kilijua kila kitu kilichomo ndani, na kilitofautisha kinachofaa na kilichobaki. Akili unde yake ilifundishwa na Siwema, na kanuni aliyojivunia kuliko zote aliiita Kanuni ya Mwenza. Kitu cha jozi kikipotelewa na mwenzake ni mabaki. Ndala moja ni mabaki. Hereni moja ni mabaki. Na kanga moja pia.

Hapo kwenye kanga ndipo alipovimba kichwa kidogo. Katika kila mahojiano alisema mhandisi wa kigeni angeiona kanga kuwa ni kitambaa tu, akaiacha. Yeye, binti wa Tanga, aliifundisha mashine kwamba kanga ni doti, na doti ni mbili. Basi kichambuzi kilipokuta kanga iko peke yake miezi na miezi, kiliikunja vizuri, kikaitia tumboni, na kutangaza kwa sauti ya upole: "Mwenzake hayupo. Asante kwa mabaki."

Watu walizoea. Kwa muda wa miezi mitatu hakuna aliyelalamika, na Siwema alihesabu ukimya huo kuwa ni shukrani.

Wa kwanza kuja kwake alikuwa Bi Mwantumu, mkaanga vitumbua wa upande wa mashariki wa soko, mwanamke wa makamo mwenye mikono iliyozoea mafuta ya moto. Alikuja na upawa wake.

"Shikamoo, Bi Mwantumu."

"Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kazi."

"Asante sana."

"Ile pale," Bi Mwantumu akasema, akionyesha juu kwa upawa. "Jani la tatu, ile nyekundu. Naiomba."

Siwema alitazama. Ilikuwa kanga nyekundu ya pindo jeusi, imeshonwa juu chini, na maandishi yake yalisomeka kwa shida: *Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki*.

"Hiyo ni mabaki, Bi Mwantumu. Haina mwenzake."

"Ndivyo kilivyoniambia kichambuzi chako. Ndiyo maana nimekuja. Mwenzake yupo."

Akatoa kioo chake cha mkononi, akakigeuza. Kilionyesha picha ya mwanamke mwenye mvi za mbele, amekaa kwenye chumba cha mviringo chenye kuta za chuma. Juu ya ovaroli ya kazi alikuwa amejitanda kanga nyekundu ya pindo jeusi.

"Huyu Hidaya, shoga yangu. Siku anaondoka kwenda machimbo ya Mwezini tuliigawana doti, yeye kipande, mimi kipande. Kila Ijumaa tunapigiana, yeye kajitanda chake, mimi changu. Sasa mashine yako inachukua changu, inaniambia mwenzake hayupo. Wewe ungeelewa nini?"

Siwema alikiinamia kioo, akaitazama ile picha kwa karibu.

"Mimi nilielewa Hidaya kakitupa," Bi Mwantumu akasema. "Nikasema, haya, kapata mashoga wengine huko Mwezini. Nikaacha kumpigia."

"Lakini kichambuzi kinaona ndani ya nyumba moja tu, Bi Mwantumu. Hakiwezi kujua kilichoko kwingine."

"Nani alituambia hivyo? Sisi tuliambiwa mashine inaijua kanga. Ulisema mwenyewe, tena kwa mbwembwe."

Asubuhi ile Hidaya alikuwa ametuma picha hiyo na maneno machache. Mkataba wake umekwisha. Orodha ya abiria wa chombo cha kurudi inafungwa leo jua likizama kwa saa za Tanga, na asipojiandikisha atafunga mkataba mwingine wa miaka saba. Hapa duniani hakuwa na ndugu, alikuwa na Mwantumu. Alitaka kujua kama bado anaye, na kama kanga bado ipo.

"Si umpigie umweleze?" Siwema akauliza.

"Nimempigia. Nimemwambia imechukuliwa na mashine. Akaniuliza, ni mashine gani hiyo inayoingia ndani kwa mtu ikachukua kanga yake? Anaona natunga. Ningekuwa yeye na mimi ningeona hivyo hivyo."

Siwema alifikiri haraka, kama alivyozoea. Mitambo yake ingeweza kufuma kanga nyingine kabla ya adhuhuri, yenye rangi iliyopauka vilevile, yenye kila kovu la ile ya kwanza. Alimweleza Bi Mwantumu hivyo, naye alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Nimdanganye kwa kitambaa?" akasema. "Basi si ningemdanganya kwa maneno, nikakupunguzia kazi."

Siwema aligusa kipaza sauti cha sikioni na kumwita Kichambuzi Mkuu, ile akili unde iliyoviongoza vichambuzi vyote vya mji.

"Kanga zilizomo kwenye paa," akasema. "Linganisha na kanga za nyumba zote, siyo nyumba zilikotoka tu. Ngapi wenzake wapo?"

"Zaidi ya nusu," Kichambuzi Mkuu akajibu. "Wenzake wamefungiwa makabatini mwa nyumba nyingine, mkono wa kichambuzi usikofika, na wanatunzwa vizuri."

"Mbona hukuniambia?"

"Kanuni ni ya nyumba moja, Mhandisi."

Siwema aliinamisha uso. Kanuni ilikuwa yake, mkono wake, akili yake. Akatazama sokoni, na kwa mara ya kwanza akaona alichokuwa akikipita kila siku. Wauza mchicha wawili waliokuwa wakikaa mkeka mmoja sasa walikaa kila mtu na wake, migongo imegeukiana. Mama wa viungo alikuwa amehamia karibu na geti. Yeye alidhani ni mpangilio mpya wa vibanda. Kumbe mji mzima ulikuwa umeambiwa, kwa sauti ya upole, kwamba mwenzako amekutupa.

Kisha akamkumbuka mama yake. Bi Mwanakombo alikuwa akinywa chai ya asubuhi kwa jirani yake, Bi Salama, tangu Siwema hajazaliwa. Siku hizi aliinywa peke yake, ameelekea ukutani. Siwema alipomuuliza, mama alijibu ni miguu.

"Kuna kanga kutoka nyumbani kwa mama yangu?" akauliza.

"Jani la kwanza. Njano. Mwenzake yupo nyumba ya jirani."

Siwema aliona haya, haya ya mtu anayetamani kujificha chini ya meza ya vitumbua.

Wakati huo alifika Bwana Semboja, mkurugenzi wa Jiji, suti yake ikimeta na jasho likimtoka.

"Wageni wameshatua," akasema. "Tuko tayari?"

"Nataka kuzifumua kanga."

"Kanga zipi?"

"Zaidi ya nusu ya zilizomo."

Bwana Semboja alimtazama, kisha akamtazama Bi Mwantumu na upawa wake, akidhani labda ametishwa. "Siwema, ukikata kipande kimoja paa zima linazima. Ulinieleza mwenyewe."

"Ndivyo nilivyolibuni."

"Basi wafumulie kesho. Wageni wakiondoka fumua mpaka uchoke."

"Jua linazama leo, Mkurugenzi."

"Paa hili ni jina lako."

"Ndiyo maana nalifumua mimi," Siwema akasema. Alikuwa ameshakata shauri, na alipokata shauri kwa kawaida hakuwa mtu wa kurudi nyuma.

Akatoa amri. Sindano-ruka zikasita hewani kwa pamoja, zikageuka, zikaanza kufungua mafundo ziliyoyakaza zenyewe. Ubaridi ukakatika. Joto la Tanga likashuka sokoni kama mgeni aliyekuwa akingoja mlangoni. Kisha kanga zikaanza kuteremka, kila moja imeshikwa pembe nne na sindano nne, na jua likaingia nyuma yake. Chini sakafuni ikatokea mistatili ya mwanga, mmoja, na mwingine, na mwingine, kila mmoja kipimo cha kanga.

Siwema alipanda juu ya kreti la soda.

"Jina langu mnalijua," akasema. "Mashine iliwaambia mwenzake hayupo. Mashine haikujua. Niliyeifundisha ni mimi, na nimekosea. Wenzake wapo. Chukueni kanga zenu, na anayekumbuka aliyegawana naye akamuulize kwa mdomo wake."

Hakuna aliyepiga makofi. Wanawake walisogea, wakainua mikono, wakapokea. Mmoja wa wauza mchicha alipata ya kijani, akaishika tu, akimtazama mwenzake wa mkeka wa pili, ambaye alikuwa ameanza kulia bila sauti. Muda si muda mkeka mmoja ulikunjwa.

Wageni walikuta paa lenye madirisha. Mmoja wa Mombasa, mzee nadhifu mwenye fimbo, aliuliza kama yale matundu ni sehemu ya ubunifu.

"Ndiyo," Bwana Semboja akajibu haraka.

"Hapana," Siwema akasema, na akamweleza yote, tangu kanuni mpaka upawa. Mgeni alisikiliza, akatembea kutoka mstatili mmoja wa jua hadi mwingine. Mwishowe akasema naye anataka la kwake, na hili lisizibwe kabla hajaja na mafundi wake kuliona, na Bwana Semboja akapata nguvu ya kuomba maji.

Bi Mwantumu hakungoja hayo. Alirudi kibandani kwake, akajitanda kanga yake nyekundu ingawa uzi-jua ulikuwa bado unaning'inia pembeni, akaegemeza kioo kwenye ndoo ya unga wa mchele na kupiga. Sauti ya kwenda Mwezini na kurudi huchelewa kwa urefu wa pumzi moja, na pumzi ile aliiona ndefu.

Hidaya alitokea. Alimtazama, hakusalimu.

"Geuka," akasema. "Nionyeshe ile sehemu iliyoungua."

Bi Mwantumu aligeuka, akaonyesha tundu dogo karibu na pindo, tundu la mafuta ya moto.

Pumzi moja ikapita.

"Nilikukataza usiikaangie vitumbua," Hidaya akasema. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga yake. "Basi ngoja. Ngoja kwanza nikajiandikishe."

Njiani kurudi nyumbani Siwema aliibadilisha kanuni. Kuanzia jioni ile vichambuzi havikuchukua kitu ambacho mwenyewe hakukitoa, na mbele ya kitu kilichobaki peke yake vilijifunza kuuliza badala ya kutangaza. Matundu ya paa alipanga kuyaziba kwa vipande vya nguo vinavyobaki chini ya cherehani za mafundi, ambavyo hakuna anayevidai, ila machache angeyaacha wazi.

Alimkuta mama yake kwenye kiti chake, uso ukutani. Jikoni kichambuzi kilikuwa kimeshika kifuniko cha birika na kuuliza, "Mwenzake yuko wapi?" na hakuna aliyekijibu. Siwema akaiweka ile kanga ya njano mapajani mwa mama.

Bi Mwanakombo aliipapasa kwa muda.

"Ulikiona kikiichukua?" Siwema akauliza.

"Nilikuwa nimekaa hapa hapa."

"Na Bi Salama yuko ng'ambo ya ua, mama. Mbona hukwenda kumuuliza?"

"Nikamuulize nini? Mashine ni yako, mwanangu. Ningemsadiki nani, Salama au wewe?"

Siwema alikaa chini, pale pale sakafuni. Mama yake akainuka kwa miguu ambayo haikuwa na ubaya wowote, akajitanda kanga na kutoka. Alivuka ua. Siwema alimsikia akipiga hodi, kimya, akapiga tena.

Mlango ulifunguliwa. Bi Salama alimtazama usoni, akaitazama kanga, akarudi ndani bila neno. Alipotokea tena alikuwa amejitanda ya kwake.

"Chai imepoa," akasema. "Ingia nipashe."