Lenzi za Marehemu

Kliniki ya macho ilikuwa imefurika. Waliokwisha kutiwa matone walikaa kwenye benchi la ukutani wakisubiri mboni zitanuke, na kwa muda huo hakuna aliyemwona jirani yake vizuri. Ndivyo ilivyotokea mwanamke mmoja mwenye gauni la kijani kibichi akaja akakalia mfuko wa bwana mmoja mrefu. Kitu kikavunjika ndani.

"Mungu wangu! Nimevunja nini?"

"Penseli tu. Wewe hujaumia?"

"Sijui. Sioni."

Wakacheka mpaka muuguzi akawatupia jicho.

"Penseli za nini hospitalini?" mwanamke aliuliza.

"Mimi mchoraji. Vitabu vya shule. Moyo, figo, ua la mharage. Na wewe?"

"Wadudu. Nina mbawakavu mmoja mdogo kuliko punje ya ufuta, mwenye mgongo kama shaba. Hakuna mtu duniani aliyewahi kumwandika wala kumpa jina. Natafuta mchoraji mpaka nimechoka."

"Umeshampata. Umemkalia."

Mwanamke alipoingia kwa daktari, aliambiwa macho yake ni mazima. "Unayachosha tu, dada. Unaangalia kupitia nini kila siku?" Alichukua mkoba wake akatoka, na nje akamkuta yule ukungu mrefu akimsubiri.

Simu zikaanza jioni ileile, na majina ya utani: mchoraji Kalamu, mwanamke Daktari.

"Kalamu, umekula?"

"Nimekula, Daktari. Nakuwaza wewe na mdudu wako."

"Nani zaidi?"

"Mdudu. Ana miguu sita."

"Mshenzi wewe!" Na mwanamke alicheka peke yake jikoni, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa muda mrefu sana katika nyumba ile.

Chumba cha wadudu kilikuwa nyuma kabisa ya makumbusho alikofanya kazi mwanamke. Makabati yalifika dari, na hewa ilinuka spiriti. Mbawakavu mwenyewe alikuwa amegundishwa kwenye ncha ya kikadi, na kikadi kimechomwa pini. Nyuma ya mlango lilining'inia koti jeupe la kiume. Mchoraji hakuuliza. Alijua mwenzake ni mjane. Aliambiwa mapema, bila kuzungushwa.

Lakini hakuambiwa yote. Mume alikuwa mtu wa wadudu pia. Alirudi kutoka msituni na homa, na chupa iliyojaa takataka za chini ya miti, na kabla hajaifungua akafa. Mjane aliifungua baada ya matanga, akachambua takataka zile kwa brashi, na ndani yake akamkuta huyu mbawakavu, mmoja tu. Mumewe alimkamata bila kumwona. Hilo ndilo lililomtafuna mwanamke. Hadubini kubwa ya mumewe, aliyokuwa ameirekebisha marehemu kulingana na macho yake mwenyewe, mwanamke aliiacha vilevile, mirija yake miwili ya kuchungulia imeachana mno kwa uso wake. Alichungulia kwa jicho moja tu, akivumilia kichwa kumgonga, ili siku yoyote mwenyewe akitaka kutazama, akute mahali pake tayari. Alasiri nyingine kiti kitupu cha marehemu kililia nyuma yake, naye, bila kugeuka, alisema, "Subiri kidogo, namaliza." Msimcheke. Mimi pia nisingegeuka.

Mchoraji alifanya kazi kwenye hadubini ndogo ya dirishani. Mapenzi yakanoga, mchoro ukakua. Kilichobaki ni jambo moja. Mbawakavu wadogo namna hii hufanana sana kwa nje. Ushahidi kwamba huyu ni wa aina mpya uko tumboni, na ili kuuona lazima apasuliwe. Kila siku mwanamke alisema kesho. Mkuu wa idara akachoka: mwisho wa mwezi ukifika hajaandikwa, anapelekwa kwa mtaalamu mwingine. Mwanamke alijua akipelekwa hatarudi, na jina la kumpa atalichagua mtu asiyemjua marehemu.

Siku moja aliitwa kikaoni. Mchoraji alitaka kuona vinyweleo vya mguu, na hadubini yake ndogo haikufika huko. Akakaa kwenye ile kubwa na kufanya kama afanyavyo yeyote anayekaa kwenye hadubini: akaisogeza mirija ikalingana na macho yake, akazungusha pete ya mrija wa kushoto mpaka akaona vizuri. Alikuwa akipiga mluzi mwanamke alipoingia.

"Umefanya nini?"

"Nimeirekebisha kidogo, mpenzi. Ilikuwa imeachana, utadhani ya mtu mwenye kichwa cha..."

"Ilikuwa ya mume wangu!"

Mchoraji akaondoa mikono kwenye mirija.

"Sikujua. Hukuniambia."

"Toka. Tafadhali, toka."

Alitoka na penseli zake. Barabarani akampigia dada yake mkubwa, maana akiumia huwa hana kwingine kwa kukimbilia.

"Mdogo wangu," dada alisema, "unashindana na marehemu? Marehemu hakoromi, hachelewi kurudi, hasahau kununua sabuni. Utashindwa asubuhi na mapema."

"Nampenda, dada."

"Ndiyo shida yenyewe. Basi usishindane. Mkaribishe akae."

Siku zilizofuata mwanamke alijaribu kuirudisha mirija ilivyokuwa. Aliivuta, akaibana, akaivuta tena. Hakuna mahali kilipoandikwa kipimo. Uso wa marehemu peke yake ndio uliojua. Asubuhi moja, akiwa na lile gauni la kijani, uso umemvimba kwa kulia, akachukua simu.

"Kalamu."

"Daktari."

"Nimejaribu kuirudisha. Sikumbuki. Nimelala kitanda kimoja na mtu yule, na sikumbuki macho yake yalivyoachana."

"Nije?"

"Njoo uchore. Leo namfungua."

Alipofika alimkuta ameirekebisha hadubini kwa macho yake mwenyewe, yote mawili. Mkono wake wa kulia ulishika sindano nyembamba kama unywele.

"Usipumue upande huu. Ukipiga chafya nitakuua."

"Mpe jina la mumeo," mchoraji alisema taratibu.

"Unajua maana yake? Jina likishachapishwa, halifutiki. Hata wakija wajuzi kuliko mimi, litabaki."

"Najua."

"Hutaona wivu?"

"Nitaona. Mpe tu."

Akazamisha sindano. Tumbo likaachia bila kelele yoyote. Akaongeza mwanga akaangalia, kisha mabega yakaanza kutikisika.

"Ni mpya," alisema. "Ni mpya kabisa. Alikuwa sahihi kwenda msituni."

Mchoraji alichora mpaka jua likahama dirishani. Walipomaliza, mwanamke alivua glavu akaziweka mezani.

"Kuna swali ulikuwa unataka kuniuliza tangu mwezi uliopita. Ukadhani sioni."

"Hapa? Kwenye makabati haya?"

"Hapahapa."

Mchoraji akasimama. "Utanikubali nikuoe?"

Nyuma ya mwanamke kile kiti kitupu kikalia, taratibu, kama mtu anayeinuka. Mchoraji alikisikia. Mwanamke hakugeuka.

"Ndiyo," alisema, kwa sauti kubwa kuliko chumba kilivyohitaji. Kisha, kwa sauti ya chini, akasema samahani, na mchoraji akajua kwamba samahani hiyo haikuelekezwa kwake.