Maboya ya Malagarasi

"Kambale, Kambale, hapa Kibondo. Unanipata?"

"Nakupata. Sema."

"Funga mto kabla ya saa kumi na moja. Narudia, funga mto. Gari letu limezama kwenye tope, askari wanakuja kwa miguu. Usitutegemee sana."

Redio ikakata.

Tharsisi akaizima tochi. Ndiyo, tochi. Kwa nje ilikuwa ile ya kawaida ya betri za Tiger, anayoibeba kila mlinzi wa Kigoma. Kwa ndani, mafundi wa Idara ya Usalama walikuwa wamepachika redio ndogo.

Aliogopa.

Tusidanganyane hapa. Wapo majasusi wanaosifiwa kwamba hawajui hofu ni nini. Huyu alikuwa amelala kifudifudi kwenye matete ya mto Malagarasi, mdomo umekauka kabisa. Akainua darubini yake ya Zeiss.

Katikati ya mto, ndani ya boti ya bati yenye injini ya Yamaha, Mzungu mmoja aitwaye Lambert alikuwa ameshika fimbo ya ndoano. Alikuwa na leseni ya uvuvi wa burudani, halali, yenye muhuri.

Ujanja ulilala hapo hapo. Ilikuwa Machi 1997, samaki walikuwa wanazaa, na wakubwa wa pande zote mbili, Tanzania na Burundi, walikubaliana kusimamisha uvuvi wa biashara. Nyavu zote ziliondolewa majini, migono ya kutegea samaki ikaanikwa, mitumbwi ikafunikwa nchi kavu. Aliyeachiwa mto ni mwenye leseni ya burudani tu, na mwenye leseni hiyo alikuwa Lambert peke yake.

Sasa yale madumu matano ya njano yaliyofanywa maboya pale kilindini yalikuwa yameshikilia nini?

Tena yalikuwa yamezama hadi shingoni. Wavu hauvuti dumu namna hiyo. Bunduki zilizofungwa kwenye nailoni ndizo zinavuta.

Jioni ile mitumbwi ingetoka ng'ambo kuzichukua. Usiku zingeingizwa katika kambi moja ya wakimbizi karibu na Kibondo, na watu wangechinjana humo. Vestina, dada yake Tharsisi, aliolewa na mkimbizi. Alikuwa anaishi kambini humo pamoja na wanawe.

Saa yake ya Seiko ilionyesha saa kumi na dakika chache. Akarudi nyuma kwa kutambaa, kisha akakimbia.

Bastola yake, Makarov, ilikuwa kwenye kibanda cha kituo cha samaki, chini ya mizani. Kwa wiki mbili alikuwa akijifanya bwana samaki msaidizi kutoka Kasulu, na bwana samaki gani anatembea na bastola kiunoni?

Mlangoni akamkuta Makarius, mkuu wa kituo, mzee wa Gwarama aliyempokea kama mwanawe.

"Mwidiwe, mwana wanje," mzee akamsalimu kwa Kiha, akimwita mwanawe. "Mbona unahema hivyo? Kaa, unywe kidogo."

Akammiminia pombe ya ndizi kwenye kikombe cha bati. Akampa kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Tharsisi akakipokea, akakipeleka mdomoni.

Akasita.

Kwa Waha, anayekupa kinywaji hukionja yeye kwanza, ukimwona, ndipo akupe. Tharsisi alizaliwa Munanila, alikua akimwona mama yake akifanya hivyo kwa kila mgeni. Na mzee Makarius alizidisha. Alionja pombe, alionja chai, alionja hata maji ya mtungi, mpaka Tharsisi akamtania kwamba siku moja angewamalizia wageni kila kitu kwa kuonja.

Leo hakuonja.

Tharsisi akatazama rafu. Ile chupa ya dawa ya pamba, waliyowanyang'anya watu wanaoua samaki kwa sumu, jana ilikuwa imejaa. Sasa ilikuwa nusu.

"Mzee, hujaonja."

"Ah, tumbo haliko sawa leo."

"Onja kidogo tu. Kama kawaida yako."

Machozi yakamtoka mzee. "Nisamehe, mwana wanje. Yule Mzungu amekujua wewe ni nani. Kaniambia ni wewe au mimi."

"Na sasa ni nyie wote mbili."

Lambert alikuwa mlangoni. Yamaha ilikuwa imenyamaza zamani, na Tharsisi kwa hofu yake hakugundua. Bastola ya Browning ikamtazama kifuani.

"Papa Makarius, nilikuambia fanya vite, haraka," Lambert akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Wewe, kunywa. Risasi iko na makelele mingi."

Tharsisi akakitazama kikombe. Akilini akamwona Vestina, akawaona watoto. Akainua kikombe hadi harufu ya dawa ikamchoma puani.

Akammwagia yote machoni.

Lambert akapiga ukelele. Browning ikafyatuka, bati la paa likatoboka. Tharsisi akanyakua jiwe la mizani, akamponda nalo kifundo cha mkono, mara moja, mara mbili. Bastola ikaanguka.

"Mshike, mzee!"

Makarius hakujua kupigana. Akamkalia tu Mzungu mgongoni kwa uzito wake wote, huku akilia.

Tharsisi akakimbilia botini. Yamaha ikanguruma. Ng'ambo, mitumbwi ilikuwa imeshaingia majini, nayo ilikuwa mingi.

Akachomoa kisu cha Victorinox. Dumu la kwanza. Kamba ikakatika, dumu likaruka juu, mzigo ukazama kwenye tope la kilindi.

La pili. La tatu.

Risasi zikaanza kupiga maji. Akamwita mama yake kwa sauti, bila aibu, na akaendelea kukata. La nne. Kamba ya la tano ilikuwa ya nailoni nene, kisu kikateleza kikamkata kidole. Akang'ang'ana nayo hadi ikaachia.

Madumu yakacheza juu ya maji, matupu. Wenye mitumbwi wakayaona. Nyuma yake askari wakatokea kwenye matete, tope hadi magotini, bunduki mabegani. Mitumbwi ikageuza.

"Kibondo, hapa Kambale. Mto umefungwa."

"Shehena?"

"Iko chini. Leteni kulabu na watu wenye pumzi."

Kibandani, Lambert alikuwa amefungwa pingu, macho yamevimba. Makarius naye alikuwa na pingu, ameketi sakafuni, hamtazami mtu.

Tharsisi akachota maji mtungini kwa kikombe kingine. Mbele ya macho ya mzee akanywa funda moja, akameza. Ndipo akampa kikombe kwa mikono miwili.

Makarius akanywa, akalia upya.

Tharsisi akachukua Makarov yake chini ya mizani, akawasha tochi, akashika njia ya kwenda kambini kwa dada yake.