Mti Huu Siujui

Haya yalimpata mume wangu Venance, bwana miti wa kata yetu hapa Ngara. Wengi wanaoyasimulia huishia kwake. Mimi nitayafikisha mwisho, ingawa naona haya.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida. Nilikuwa uani nachambua maharage, binti yetu Teddy akifua sare za shule, mwenyekiti wa kitongoji alipoingia.

"Bwana miti, unahitajika kwa Bibi Domisiana. Kuna mti watu wanataka uutambue."

Nikajifunga kitenge, nikamfuata mume wangu.

Bibi Domisiana alikuwa mjane, akiishi peke yake huku kwetu Mugoma. Mbele ya nyumba yake palikuwa na miashoki kumi na miwili kwenye mstari mmoja ulionyooka. Miche yake aliileta marehemu mumewe, aliyekuwa mtunza bustani Biharamulo. Mjini miti hiyo hupandwa mbele ya ofisi na kando ya kuta, wala hakuna anayeishangaa. Kwetu hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Ni mirefu, myembamba, matawi yamelala yakabana shina, majani yananing'inia mpaka karibu na ardhi. Ukiitazama kwenye ukungu wa asubuhi utadhani ni watu waliojitanda shuka, wanasubiri kuitwa.

Mwezi ule watoto watatu wa kitongoji walikuwa wamekufa kwa homa. Uchungu ukatafutiwa mahali pa kuwekwa. Watu wakasema kila mti pale ni mtu aliyechukuliwa kichawi.

"Wewe umesomea," mwenyekiti alimwambia Venance mbele ya umati. "Huu ni mti wa Mungu, au ni kitu kingine?"

Venance akachuma jani. Refu, jembamba, kingo zake zimejikunja kama mawimbi. Aliujua. Mwaka uliotangulia, tulipokuwa tunakunywa maji ya ndizi kibarazani pale pale, ni yeye aliyemfundisha bibi jina la mti huo. Nikaona midomo yake inafunguka. Nikamsogelea kwa nyuma, nikamnong'oneza:

"Usiseme. Ukimtetea, kesho watasema na sisi tumo."

Akaliachia jani likaanguka. "Mti huu siujui."

Mashoka hayakungoja. Bibi Domisiana hakulia. Alimtazama Venance, kisha akanitazama mimi, tena kwa muda mrefu zaidi.

"Haya, wanangu," akasema.

Siku ile ile akaondoka na kikapu chake kwenda Biharamulo, kwa mpwa wake Eustakia. Hatukumsindikiza.

Jumatatu Venance alikwenda Bugarama kukagua kitalu. Saa nne asubuhi akanipigia simu.

"Mama Teddy, kuna miti hapa mpakani mwa shamba. Gome linabanduka. Majani yananukia kama dawa ya mafua. Ni miti gani?"

"Si mikaratusi hiyo?" Nikacheka.

Hakucheka.

Wiki ile ikampotea misonobari. Kisha miparachichi. Kisha mbuni alioupanda baba yake mzazi. Nilimkuta chini yake mchana kweupe, ameshika punje nyekundu.

"Siujui," akasema.

Siku ya kumi Teddy alirudi kutoka shule. "Shikamoo, baba."

Venance akamkagua kuanzia kichwani hadi miguuni, kama anavyokagua mche.

"Huyu simjui."

Kesho yake tukapanda basi la Biharamulo. Njia nzima alibandika uso dirishani.

"Wamesimama kando ya barabara," akanong'ona.

"Akina nani?"

"Mstari. Hauishi."

Nilichungulia. Nje palikuwa na pori tu.

Eustakia alitupokea mlangoni, hakutukaribisha kukaa. Bibi alikuwa amefariki siku nne zilizopita. Akatupeleka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi lililochimbwa katikati ya uwanja mtupu. Hapakuwa na mti. Hapakuwa hata na kichaka. Jua la saa sita lilikuwa utosini.

Lakini vivuli vilikuwepo. Virefu. Vyembamba. Vimelala sambamba juu ya udongo mpya. Nikavihesabu. Kumi na viwili.

Venance akapiga magoti.

"Mama, ni mwashoki. Niliujua. Nilisema uongo."

Vivuli vikaanza kuondoka. Kimoja. Kingine. Kingine. Venance akainua kichwa, machozi yanamtiririka, akaunyooshea kidole mti uliokuwa uani kwa jirani.

"Mpera ule," akasema. "Mama Teddy, ule ni mpera!"

Majina yalikuwa yamemrudia. Ila kivuli kimoja kilibaki. Kilikuwa kimelala juu ya miguu yangu.

Eustakia alikitazama. "Na wewe dada," akaniuliza kwa sauti ya chini, "huna la kusema?"

Majirani walikuwa wameshasogea, wanatuangalia. Uso ukaniwaka.

"Mimi nimemsindikiza tu," nikajibu.

Mwaka wa pili huu. Venance alisimama kanisani akaungama mbele ya wote, na hakunitaja. Watu wanamheshimu kuliko zamani. Wananisifu hata mimi, eti mke aliyevumilia.

Kila asubuhi huamka kabla ya wenzangu nyumbani, nikaenda uani na kikombe cha maji kusukutua. Ninachotema si mate. Ni unga wa mbao, mbichi, bado una utomvu. Huufukia upesi kwa kisigino, kabla Teddy hajatoka na ufagio.