Ini la Chef Akonkwa

Jumamosi ile watu wa soko la Kadutu walikuwa wakigeuza shingo, na si kwa sababu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Sambaza wanakaangwa kila pembe ya Bukavu. Ila mkaangaji wa siku hiyo, kijana mrefu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, alisimama nyuma ya jiko la makaa akiwa amevaa koti jeupe la mpishi wa hoteli, limepigwa pasi, katikati ya tope na makelele ya wachuuzi.

Eulalie, amejifunga kitenge cha manjano, alikuja kununua nyanya. Basi akajitia kuangalia nyanya.

"Maman wa kikwembe ya manjano, kuja uonje," kijana aliita. "Kuonja iko bure. Kuniangalia njo unalipa."

"Nani anakuangalia? Naangalia koti. Chef muzima, mu barabara?"

"Mimi niko chef kweli, ku restaurant moja ya Nguba. Ni ini yangu njo balifukuza. Mimi niliifuata tu."

Eulalie alicheka, akakaa kwenye benchi, nyanya akazisahau. Kijana aliitwa Akonkwa. Miezi miwili nyuma, patron wake, mwenye restaurant, alipeleka wafanyakazi wote wakapimwe damu, na karatasi iliyorudi kutoka hospitali ilisema Akonkwa ana hépatite, ugonjwa wa ini. Mpishi wa namna hiyo nani atamwachia sufuria? Alipimwa tena kwingine akaonekana mzima, lakini patron alitaka hospitali ile ile ifute maneno yake.

"Na kule banasemaje?"

"Eti yenye iko mu ordinateur, iko mu ordinateur."

Alipotaja jina la hospitali, Eulalie alipaliwa na sambaza wa kuonja. Ndiyo hospitali aliyokuwa akifanyia kazi, katika ofisi inayogeuza maandishi ya madaktari kuwa namba za magonjwa kwenye hiyo ordinateur, yaani kompyuta.

Jumatatu alifungua faili la Akonkwa kabla hajaweka hata mkoba chini. Daktari alikuwa ameandika kwa mkono wake: vipimo vya ini viko juu, mgonjwa amesukuma lori lililokwama topeni siku mbili, njia ya Kamituga, huenda vimepandishwa na misuli iliyochoka, apimwe tena. Ugonjwa hakuutaja popote. Kwa hali kama hiyo ipo namba yake, ya matokeo yasiyo ya kawaida ambayo sababu haijajulikana. Lakini mwandishi aliona tarakimu za maabara, akakata shauri kama vile yeye ndiye daktari, akaweka namba ya hépatite. Chini palikuwa na alama ya mwandishi: 04.

Sifuri nne ni Eulalie mwenyewe. Siku ile alikuwa na faili themanini mezani na haraka ya kurudi nyumbani, na haraka haikumletea baraka yoyote.

Hapo mwenye akili angesema kweli. Eulalie akili alikuwa nayo, ila alikuwa pia na onyo kutoka kwa mkubwa wa ofisi, Papa Elysée: kosa moja zaidi, unatoka humu. Tena alikuwa ameshaanza kupenda. Akanyamaza wiki tatu, na wiki tatu hizo simu kati yake na Akonkwa haikupoa.

"Chérie, umekula?"

"Nimekula. Fufu na lenga-lenga."

"Nani alipika?"

"Mimi."

"Ah, basi haujakula bado!"

Jioni moja walikuwa wakitembea kando ya ziwa, Eulalie amevaa gauni lake la bluu la sikukuu, Akonkwa amemshika mkono.

"Siku nitamujua ule muntu aliharibu jina yangu," Akonkwa alisema, "nitamukaangia sambaza na pilipili mpaka alie."

Eulalie alivuta pumzi. "Washa makaa basi. Ni mimi."

Alimweleza yote, pamoja na lile onyo. Akonkwa aliuachia mkono wake taratibu.

"Wiki tatu, Eulalie. Ulikuwa unanipenda, ao ulikuwa unanihurumia?"

"Nakupenda."

"Ungenipenda, ungesema."

Akapanda kilima peke yake. Eulalie alimpigia simu nyingi, hakupokea hata moja.

Jumapili Eulalie alilia mchana kutwa, misa hakuiona. Jumatatu aliandika barua: kosa ni langu, nilisoma maabara, sikusoma maneno ya daktari. Akaweka jina lake lote chini, si namba. Papa Elysée aliisoma, akavua miwani.

"Unakumbuka vile nilikuambia?"

"Nakumbuka, papa."

"Na bado unaleta?"

"Naleta, papa. Muntu alipoteza kazi."

Kufikia Jumatano masahihisho yalifika Nguba, yana sahihi ya daktari na muhuri, pamoja na ile barua. Akonkwa akarudi kwenye sufuria zake. Eulalie aliondolewa ofisini, akawekwa kwenye dirisha la kupokea wagonjwa. Wiki mbili zikapita bila neno. Alijiambia maji yakimwagika hayazoleki, akazoea kutoangalia simu.

Ijumaa, katika msururu wa asubuhi, lilitokea koti jeupe.

"Jina?" Eulalie aliuliza, macho kwenye fomu.

"Unaijua."

"Unasikia nini?"

"Moyo inapiga mbio. Usingizi hakuna. Chakula napikia bengine, mimi mwenyewe haipite. Andika."

"Ugonjwa anaandika docteur. Mimi naandika tu: sababu haijulikane."

"Sababu naijua." Akonkwa aliinama hadi dirishani. "Nilikasirika, nisikudanganye. Kisha patron alinionyesha ile barua. Nikaona jina yako yote pale, na kazi yako yote umeiweka pale. Ile haiko huruma. Nilikuwa tu na haya ya kukupigia." Akashusha sauti. "Bazee bangu banataka kuja kwenu kuposa. Banauliza: baba yako anakunywaka kasiksi ya ndizi, ao bière?"

"Kasiksi," Eulalie alijibu, machozi yakimtiririka bila kujificha. "Mingi."

"Mumalize pale mbele!" maman mmoja alipiga kelele kutoka nyuma. "Siye bengine tuko bagonjwa ya kweli!"

Eulalie aligeuza fomu, akaandika nyuma yake namba ya simu ya baba yake. Akaisoma tarakimu moja moja, kisha akairudia tena toka mwanzo, ndipo akaipitisha dirishani.