Constance Auliza Madeni ya Zamani

Kila asubuhi Constance alichota maji kwenye pampu ya kijiji cha Rubondo, na kila asubuhi alimkuta Libérate pale, kavaa kitenge kipya. Alimwonea wivu.

"Kikundi yetu ya akiba inagawa faida mingi," Libérate alijigamba. "Nyinyi munaogopa kukopesha batu. Mutabakia hapo tu!"

Siku hiyo Constance hakuweza kula. Akiba aliyoweka katika kikundi chake ilikuwa ya kumpeleka mama yake hospitali ya Ruharo, mjini Mbarara, akapasuliwe mtoto wa jicho. Mama hakuona tena hata uso wa binti yake. Kwa nini Libérate afaidi, na yeye angoje? Akaamua kuhamishia akiba yote kwenye kikundi cha Libérate.

Jirani yake Damascène, mwalimu wa vikundi vya akiba, alimuuliza, "Unahama juu ya faida, ao juu ya Libérate?"

"Yeye ni nani wa kunipita?" Constance alifoka.

"Sawa, mama. Lakini usiangalie faida tu. Uliza madeni ya muda mrefu. Batu ngapi bamepitisha mwaka bila kumaliza? Deni inapunguka ao inaongezeka? Na banailipa na nini?"

Alhamisi Constance alikwenda kwenye mkutano wa kikundi cha Libérate. Kwa desturi, kabla ya sanduku la fedha kufunguliwa, kila mwenye deni husimama na kulitaja mbele ya wote. Wenye madeni walisimama, wakataja mikopo ya msimu huu tu.

"Na ile ya zamani?" Constance aliuliza.

"Ilikwisha," mwenyekiti alijibu. "Banakopa mupya, banalipa ya zamani. Riba tunaihesabu faida."

Karibu wote walifanya hivyo, Libérate pia. Deni lilikua kila msimu kwa riba hiyo, na faida waliyogawana ilitoka kwenye akiba yao wenyewe. Sanduku lilipofunguliwa, halikuwa na kitu cha maana. Libérate aliinamisha kichwa. Constance alifurahi, halafu akaona aibu kwa furaha hiyo.

Alibaki katika kikundi chake. Tangu hapo, katika kikundi hicho madeni ya zamani hutajwa kwanza kila mkutano, na hakuna anayekopa tena kabla ya kulipa. Libérate alimwomba Damascène akifundishe kikundi chake kufanya vivyo hivyo.

Baada ya mavuno Constance aligawiwa akiba yake, akampeleka mama Ruharo. Baada ya upasuaji, daktari alipofungua bandeji, mama alimtazama binti yake kwa muda mrefu.

"Mutoto wangu, umekonda hivi! Nini ilikuwa inakukula?"

"Wivu, mama," alijibu Constance.