Mkono Ulioangusha Ngao

Zama zile ngome zilipojengwa kwa magogo ya mninga, na kila mtemi alilala jicho moja wazi, ngome ya Isenga ilizingirwa na adui. Jemadari wake alikuwa Lugusha, mwenye kilemba cha manyoya ya mbuni. Adui alishindwa, lakini katika pigano la mwisho Mihambo, mdogo wake Lugusha wa tumbo moja, aliangusha ngao mbele ya jeshi zima.

Desturi haikuwa na huruma. Aangushaye ngao hufukuzwa, bila moto wala mkuki.

"Mkono haunyanyuki, kaka," alisema Mihambo barazani.

"Jeraha liko wapi?"

Halikuwapo. Lugusha, akiwaka kwa aibu ya nduguye, akatwaa kaa la moto akaliweka kwenye kiganja kile, ili uongo ujifichue wenyewe. Ngozi ikanuka. Mihambo hakutikisika.

"Mkaidi!" watu wakanong'ona.

"Mkaidi huuma meno," alifoka Kalunde, mganga wa mtemi. "Huyu hata hajui kwamba anaungua!"

Akamfumba macho, akamchoma kwa mwiba kuanzia vidoleni. Mihambo alishtuka mwiba ulipokaribia bega tu. Kalunde akamwinua kidevu. Kope la kushoto, upande wa mkono ule, lilikuwa limelala, na mboni yake imesinyaa.

"Mishipa ya fahamu imeng'oka shingoni, kama muhogo uliovutwa. Ulishika nini kizito, mwanangu? Sema, au utalala na fisi."

"Mshipi wa kaka."

Lugusha akakumbuka siku ya mvua alipoteleza juu ya ukuta, akagonga kichwa na kuzirai, na mkono asioujua ukamdaka mshipi asianguke chini. Jemadari aangukaye ukutani huvuliwa kilemba, ndiyo maana mdogo mtu alinyamaza. Lugusha akakivua mwenyewe. Hakuthubutu kumtazama mtu usoni.

"Atapona?"

"Kidonda cha kaa lako kitapona. Mkono, sitakudanganya. Mfungie usining'inie. Vidole vikunjwe na kukunjuliwa kila asubuhi, visikauke."

Malenga wa Isenga wameimba ushindi wa Lugusha hadi leo, na la kaa hawalitaji. Mihambo hakufukuzwa, na Lugusha kila asubuhi alikaa mlangoni kwa nduguye na mafuta ya karanga, akivikunja vile vidole kimoja kimoja. Mihambo, aliyekuwa akitazama ng'ombe wakitoka zizini, alikuwa akiuliza bila kugeuka:

"Umeshanishika, kaka?"

"Nimekushika," alijibu Lugusha, akikunja kidole kilichofuata.